Lehemu

Daktari pale Mnazi Mmoja alisema: lehemu imezidi.
Nikacheka. Mimi, fundi redio wa Narung'ombe,
miaka thelathini na moja naiyeyusha lehemu,
naupuliza moshi wake usiniingie machoni,
leo eti imenipanda yenyewe mpaka damuni!
Hakucheka. Aliandika: acha chipsi mayai,
acha utumbo, tembea, rudi baada ya miezi mitatu.

Neno nikalibeba hadi dukani kama deni.
Kila waya nikautazama kwa shaka.

Sikudhani alikuja Jumamosi,
koti la maabara limekunjwa kikapuni,
akaketi juu ya kreti la soda.
"Baba, usiitukane yote.
Bila hiyo usingekuwa na seli hata moja iliyosimama."
Akachana boksi la spika, akachora
kwa kalamu yangu ya kuwekea alama saketi:
safu mbili za vichwa, kila kichwa na mikia miwili.
Vichwa vinapenda maji, vimeyaelekea, huku na huku.
Mikia inayachukia, imekutana gizani, katikati.
"Huu ni utando. Panga elfu kumi,
hufikii unene wa karatasi ya risiti."

Lehemu iko wapi hapo?

Akasita. Kalamu ikabaki hewani
kama chuma changu kikisubiri kushika moto.
"Unakumbuka tulivyolala kwenye matanga ya mama?"

Nakumbuka. Mtoni kwa Azizi Ali, chumba kimoja,
wanawake safu huku, safu kule,
vichwa ukutani, nyayo kwa nyayo katikati,
mashangazi wa Kilwa, wanene, wanaolia usingizini,
na yeye, miaka sita, hana pa kulala,
akajipenyeza kati ya Somoe na Binti Mtupa.

"Basi hivyo ndivyo inavyokaa.
Fupi. Kichwa chake kidogo hakitokezi kwenye maji,
kimejibanza chini ya vichwa vya wakubwa
kama mtoto anayevushwa mvua na watu wawili, mwavuli mmoja.
Mgongo bapa, mgumu, pete nne zilizoungana,
haukunjiki; kinachochezacheza ni kijimkia tu.
Aliyelala ubavuni mwake hana budi kunyooka.
Joto likiwatia wazimu, inawatuliza wasitapakae.
Baridi ikija na wakataka kuganda bega kwa bega,
haiwaachii: ipo katikati."

Dar hakuna baridi, nikasema.
"Kuna ya feni," akajibu, akaendelea.

Akasema hazikutawanywa sawasawa kama chumvi.
Zina watu wao, wenye mikia mirefu iliyonyooka;
hukusanyika nao, zikafanya machelezo madogo,
yanaelea, yanavunjika, yanaungana tena,
na mabingwa wenyewe bado wanabishana
ni makubwa kiasi gani, yanadumu kwa muda gani.
Akachora chelezo. Akalifuta kwa kidole.
Kidole kikawa cheusi kama cha fundi.

Na zikizidi?

"Zikizidi hazina pa kujipenyeza.
Zinatoka kwenye safu, zinashikana zenyewe kwa zenyewe,
zinakuwa fuwele."
Hilo nikalielewa bila mchoro.
Sisi tunaliita lehemu baridi:
tone limekaa juu ya kiungo, halijakishika,
redio inakoroma ukiigusa, ukiiacha inanyamaza.

Sikumwambia nilichokiona alfajiri ile ya matanga.
Nilisukuma mlango kuwaletea chai ya tangawizi.
Somoe yuko macho, mkono umekufa ganzi,
mtoto kaulalia tangu usiku.
Akaninyooshea kidole kimoja: ngoja.
Safu nzima ilikuwa imeamka, nikagundua,
na hakuna aliyethubutu kugeuka.
Nikasimama na birika mpaka likapoa.

Chips nimeacha. Utumbo, bado tunajadiliana.
Kile kipande cha boksi nimekipigilia ukutani,
juu ya orodha ya bei za betri.
Wateja wanauliza ni saketi ya mashine gani.
Ya chumba kimoja, nawajibu,
kule Mtoni.